Sauti ya Koko Iliyobaki Kwenye Kompyuta ya Dukani

Idrisa mwanangu,

Sasa hivi uko Simbo unamuaga shangazi yako kabla ya safari ya chuo, na najua hutarudi upesi, maana yule hamwachii mgeni aondoke mpaka ale mara mbili. Baba yako ameshuka Kibirizi kutafuta samaki, wale migebuka, wa kukukaangia ule njiani. Duka nimelifunga mapema na nimekaa mbele ya ile kompyuta unayoiita mzee wa nyumba. Ningeweza kukuchapia barua hii ikatoka safi, lakini nimechukua kalamu. Utaikuta kwenye begi, chini ya taulo. Isome mkishapita Kaliua, treni itakaposimama porini bila sababu kama kawaida yake.

Habari za sweta, za kuchemsha maji na za kufunga nguo zako vizuri kwenye kamba sitazigusa. Shangazi yako anazimaliza hivi ninavyoandika, na akisahau moja atakupigia simu. Mimi nina jambo moja tu, na nitalifikia kwa njia ndefu. Unanijua.

Unakumbuka kompyuta yetu ilivyochafuka? Najua unakumbuka upande wa kuchekesha. Ulikuwa bado shule ya msingi, ukiwasimulia wenzako habari za Ustadhi. Alikuja kuchapisha mtihani wa madrasa, nikafungua intaneti mbele yake, akatokea dada wa Kizungu amevaa nguo ya kuogelea, anauza dawa ya kupunguza tumbo. Nikamfunga, akaja mwenzake. Nikamfunga na huyo, kikaja kiboksi kinachowakawaka kinachosema nimeshinda gari. Ustadhi alitazama dari mpaka nilipomaliza. Nikamwambia, "Ustadhi, nisamehe, hii ni mashine tu." Akanijibu bila kushusha macho, "Mashine hufunzwa na mwenyewe, Mama Idrisa." Nilitaka ardhi ipasuke nitumbukie.

Basi upande wa pili hukuuona, kwa sababu ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa najifanya sina wasiwasi.

Miaka ile duka letu lilikuwa na kazi moja ambayo leo imekufa, kazi ya kurekodi salamu. Watu waliovuka ziwa, Warundi na Wakongo, walikuwa wanatoka kambi ya wakimbizi kwa kibali kuja mjini. Nyuma walikoacha ndugu, simu zilikuwepo lakini mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na wengi hawakuwa watu wa kuandika. Kwa hiyo mtu anakaa kwenye kile kigoda cha bluu mbele ya kompyuta, anaongea anachotaka, mimi namwekea sauti kwenye memori kadi, na mahali panapobaki namjazia nyimbo. Kadi inafungwa kwenye nailoni, inashonwa kwenye pindo la kitenge, na inapanda boti na msafiri anayeaminika. Ng'ambo wakiipata wanaichomeka kwenye simu, wanakusanyika, wanasikiliza. Kuna waliokuwa wanakuja na tabasamu na kuna waliokuwa wanakaa kwenye kigoda wakashindwa kusema hata neno, nikawa narekodi pumzi.

Ili nifanye kazi hiyo nilihitaji programu ya kurekodi. Nikaingia mtandaoni kuitafuta ya bure. Ukurasa wenyewe ulikuwa na vitufe vya kijani kila upande, vikubwa, kila kimoja kinaniita. Nikabonyeza cha kwanza, ikaja kitu nisichokijua. Nikabonyeza cha pili. Kila kiboksi kilichoniuliza swali kwa Kiingereza nilikijibu ndiyo, endelea, ndiyo, nakubali, maana nilishaona wenye haraka wote mjini wanafanya hivyo na kompyuta zao zinawaka. Mwishowe programu ya sauti ikapatikana, yenye alama ya maikrofoni nyekundu, nikafurahi. Sikujua kwamba siku hiyo hiyo nimekaribisha na ukoo mzima wa matangazo.

Kosa hilo silionei aibu sana. Linalonikera ni lililofuata. Uchafu ulipozidi, kivinjari kikawa kinafungukia kwenye ukurasa wa ajabu nisiouchagua, bando la intaneti likawa linaisha kabla sijamaliza kazi ya mteja, likanijia tangazo linalosema kompyuta yako ni mgonjwa, tumia dawa hii. Na mimi nikaamini! Tangazo ndilo linaniumiza, na tangazo hilo hilo nikaliamini liliponiahidi tiba. Nikaipakua hiyo dawa. Ikakagua, ikapiga kengele, ikasema imekuta matatizo kila kona, halafu ikadai kadi ya benki kabla ya kugusa hata moja. Tangu siku hiyo matangazo yakawa yanatokea hata intaneti ikiwa imezimwa. Mtu akishakuumiza, mwanangu, usimfanye yeye kuwa daktari wako. Sitaongeza maneno hapo, mfano unajitosha.

Sasa ingia Mama Bahati. Humkumbuki vizuri, lakini yeye anakukumbuka, na utaona kwa nini. Alikuwa Mkongo wa upande wa mji wa Baraka, mrefu, anayeongea taratibu. Alimleta mama yake mzazi dukani, ajuza mmoja mkavu mwenye macho ya ucheshi ambaye wote tulimwita Koko, kama wao wanavyomwita bibi. Koko akakaa kwenye kigoda akarekodi salamu za kumpelekea mwanawe wa kiume aliyebaki ng'ambo. Kadi ikasafiri na haikufika. Nakala aliyokuwa nayo Mama Bahati ilipotea pamoja na simu yake. Mvua za mwaka ule Koko akafariki kambini.

Siku Mama Bahati aliporudi dukani, alikuja peke yake. Alikuwa amepata safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali, ya baridi, yeye na watoto wake, na kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha siku ile tu.

"Mama Idrisa," akaniambia, "picha ya mama sina. Nguo zake tulimuzika nazo. Iko ile sauti tu. Iko bado kwa mashini yako?"

Nikamjibu ipo. Nilisema kwa uhakika kabisa, kama mtu aliyeiona asubuhi. Halafu nikawasha kompyuta, ikaganda.

Fundi Majaliwa alikuwa amekwisha kufika, maana nilimwita tangu jana yake. Alikuwa kijana mzuri, heshima zake zimekamilika, na dawa yake ilikuwa moja kama mafundi wote wa mji huu. "Shikamoo mama. Hii tupige window tu. Nafuta kila kitu, naweka upya, jioni unafanya kazi kama mashine mpya iliyotoka dukani."

"Na sauti za watu?"

"Nakutolea mafaili yako kwanza kwenye flashi. Yako wapi?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Barua za wateja zilikuwa mahali pake, nyimbo mahali pake, lakini salamu sikuwahi kuzihifadhi popote. Nilikuwa nafungua ile programu ya maikrofoni, nazikuta mle mle ndani. Zinakaa wapi hasa, sikujua. Majaliwa akatafuta, kompyuta inaganda, matangazo yanamrukia usoni, akatafuta tena. Akasema huenda zipo mahali fulani, huenda hazipo, na tukipiga window ndipo tutajua. Mama Bahati alikuwa hajui window ni nini, lakini alimwangalia fundi usoni akaelewa. Akashika ukingo wa meza.

Nikasema hapana. Hatupigi.

Sikusema hivyo kwa ujuzi, mwanangu. Nilisema kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kupigwa window, na nani aliyenipiga? Mimi.

Hii hujawahi kuisikia. Nilipokwenda Tabora kusoma kupiga chapa, nilikuwa binti wa kijijini Mwamgongo, mbichi kabisa, lafudhi ya Kiha imejaa mdomoni. Wasichana wa bwenini walikuwa wananiigiza nikiongea, wananiita mwisho wa reli kwa kuwa kwetu ndiko treni inakoishia, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikaamua kuanza upya. Nikaacha kusema Kiha hata na Waha wenzangu. Nikajifunza kusema na kucheka kama wao, nikajifanya sijawahi kuanika dagaa. Nikafanikiwa sana. Niliporudi Mwamgongo, bibi yako na wenzake walikuwa mchangani wanageuza dagaa huku wanaimba ule wimbo wao wa kuanikia, na mama akanitupia mstari nidakie kama zamani. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Hakunikaripia, aliendelea na wenzake. Nikasema nitauliza siku nyingine, na siku nyingine ilikuwa na mambo yake, mpaka mama akaondoka duniani. Leo hii wimbo ule ninao nusu, na wa kunipa nusu iliyobaki hayupo. Naumia mpaka sasa, nakuambia ukweli, kuliko nilivyoumia kuchekwa.

Kwa hiyo nikamwambia Majaliwa, "Tutachambua."

"Tutachambua vipi mama, hapa kuna programu kibao na nusu yake sizijui?"

Nikamuuliza kama kompyuta inaweza kusema kila programu iliingia siku gani. Akasema inaweza. Nikamwambia aipange hivyo, kwa siku. Hiyo nayo nilikuwa nimeitoa Mwamgongo. Mama hakuwahi kuchanganya dagaa wa siku mbili. Wa jana fungu lao, wa leo fungu lao. Mteja akilalamika kwamba wana mchanga au wana harufu, mama hatupi gunia zima. Anauliza ni wa siku gani, anatoa fungu la siku hiyo, wengine wanabaki salama.

Majaliwa akabonyeza, orodha ikajipanga, na nikacheka kwa sauti. Ukoo wote ulikuwa pale! Kisaidizi cha manunuzi, kitafutio cha ajabu, kitu cha kuchezea video, kitu cha hali ya hewa, vyote vimeingia siku moja, na ile dawa ya uongo imekuja kuungana nao baadaye kidogo. Majaliwa naye akacheka. Akasema kila siku anapiga window kwa sababu wateja wote wanataka mashine yao leo leo, na hajawahi kupata mtu wa kukaa naye achambue. Tukaanza kuwatoa. Toa, thibitisha, ndiyo. Toa, thibitisha, ndiyo. Kila anayeondoka kompyuta inapumua. Mimi ndiye niliyeshika mausi, kichwa kimevimba, najiona profesa.

Nikafika kwenye jina moja refu la Kiingereza, la siku ile ile. Toa. Kiboksi kikatokea na swali lake. Kidole kilikuwa kimeshazoea ndiyo.

Mama Bahati akanishika mkono. Alinishika kweli, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto anayekaribia jiko.

"Ngojea! Kale kapicha kekundu. Nikakaona ile siku mama alikuwa anaongea. Kalikuwa hapa, mbele yake."

Nikatazama. Pembeni ya lile jina, dogo kama punje ya mtama, kulikuwa na maikrofoni nyekundu. Majaliwa akasoma swali polepole. Lilikuwa linauliza kama nataka kufuta na sauti zote zilizorekodiwa.

Nikaondoa mkono kwenye mausi nikauweka mapajani. Programu ya sauti ililetwa na mimi siku ile ile ya uchafu, kutoka ukurasa ule ule. Nilishaihukumu kwa siku yake ya kuingia, wala sikuitazama sura.

Na unajua nilichokumbuka palepale? Wiki hiyo hiyo jembe lilikuwa limepotea kwa jirani, na watu wakasema ni wale wakimbizi wa boti ya juzi. Hakuna aliyesema nani. Wa boti ya juzi, basi, wote. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikaitikia kwa kichwa. Halafu hapa mkono ulioniokoa ni wa mtu wa boti. Sikumwambia Mama Bahati habari ya jembe, lakini nilimpisha kwenye kiti changu chenye mto, nikahamia kwenye kigoda.

Baada ya hapo hatukutoa kitu bila kukitazama. Kazi ikawa ya polepole. Kuna kimoja kilikuwa kinarudi kila tukikitoa, mpaka Majaliwa akagundua kimejificha kwenye alama yenyewe ya kufungulia intaneti, kimejishikiza nyuma yake. Akakikata hapo. Kivinjari kikafunguka kwenye ukurasa mweupe, mtulivu, hakuna dada, hakuna gari. Sijawahi kufurahia ukurasa mtupu namna ile.

Ndipo nikafungua maikrofoni nyekundu. Koko alikuwepo.

Usidhani alisema maneno makubwa. Alikohoa kwanza. Akamwambia mwanawe sufuria yake kubwa iko kwa jirani, aende akaichukue, na yule jirani akisema ni yake ni mwongo, ina alama chini. Akauliza kama mbuzi amezaa. Akasema huku Tanzania dagaa ni wengi lakini hawajui kuwapika. Mama Bahati alikuwa anacheka huku machozi yanamshuka, anafuta kwa kiganja, anacheka tena. Na katikati ya habari ya mbuzi, mlango wa duka ukasikika ukigonga ukuta, puu, na mtoto akapiga kelele: "Mama, nimerudi!"

Ulikuwa wewe, umetoka shule. Koko akasema, "Karibu, mwana." Akaendelea na mbuzi wake.

Niliona haya. Nikamwambia Mama Bahati asijali, Majaliwa anaweza kuikata ile kelele, sauti ya mama yake ibaki peke yake, safi.

Akakataa kwa mkono. "Hapana, Mama Idrisa. Usitoshe kitu, usikate. Pale kuna mutu amerudia kwao, na mama akamukaribisha. Mwache."

Tukamwekea kwenye kadi mbili. Moja akashona kwenye pindo la kitenge, nyingine akaitia ndani ya kilemba chake. Akaondoka kuwahi lori la kambini, na sijamwona tena. Lakini huko aliko, penye baridi, kuna watoto wanaomjua bibi yao kwa kikohozi chake na sufuria yake, na katikati ya bibi yao upo wewe. Kwa hiyo usiniambie unaogopa kwenda ugenini. Ulishatangulia zamani.

Jambo langu lenyewe ndilo hili, na nimeshalisema lote bila kulitaja. Utafika chuoni watakucheka unavyoongea. Utafanya ujinga, maana umezaliwa na mimi. Utakubali vitu usivyovisoma, utapata marafiki watakaokuja na ukoo wao mbaya nyuma, na siku moja utajichoka hadi utamani kufuta kila kitu uanze upya. Siku hiyo keti. Chambua kimoja kimoja, tazama sura, hata ikichukua mchana kutwa. Unayo akili ya kutosha, na mikono yako ina subira kuliko yangu. Sina hofu na wewe hata kidogo.

Hofu ninayo na nyumba hii, kwamba itakuwa kimya. Mchana huu, kabla sijachukua kalamu, nimeifungua ile sauti. Nimesikiliza sufuria, nimesikiliza mbuzi, mlango ukagonga ukuta, ukaniambia umerudi kwa ile sauti nyembamba ambayo ndevu zako zimeshaifukuza. Nimeirudia mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya baba yako.

Wiki iliyopita alitaka kuitengeneza bawaba ya mlango wa duka ili uache kugonga ukuta. Nimemkatalia. Ukirudi nataka ugonge vile vile, nijue ni wewe kabla hujafungua mdomo.

Mama yako,
wa dukani, Ujiji